UZI: Usugu wa minyoo wa kondoo hurithiwa, na kunywesha dawa zizi zima ndiko kunakotumalizia dawa

Malisho Mapana (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa,

Kila mara mfugaji anapolalamika humu kwamba dawa ya minyoo haiwasaidii kondoo wake, majibu huwa ya aina mbili: ama ataambiwa ameuziwa dawa bandia, ama atashauriwa aongeze dozi. Dawa bandia zipo, na wanaopima dozi kwa kukisia wapo wengi, wala sibishi. Lakini kuna sababu ya tatu isiyozungumzwa sana, ingawa imekwisha kuandikwa kuhusu nchi zetu hizi kwa zaidi ya miaka thelathini, nayo ni kwamba minyoo wenyewe wamebadilika kizazi baada ya kizazi na sasa wanazaa minyoo ambao dawa haiwaui. Naomba tuijadili kwa kina, kwa sababu anayeielewa vizuri hujikuta akifanya jambo ambalo jirani zake wataliona la kipuuzi: kuacha baadhi ya kondoo bila dawa, kwa makusudi.

Mnyoo ninayemkusudia hasa ni Haemonchus contortus, anayeishi katika tumbo la nne la kondoo na mbuzi na kunyonya damu. Jike lake unaweza kulitambua kwa macho ukimpasua kondoo aliyekufa, kwa kuwa utumbo wake uliojaa damu umesokotana na mirija myeupe ya mayai. Mnyoo mmoja humpotezea kondoo takriban mililita 0.05 za damu kwa siku, kwa hiyo kondoo mwenye minyoo 5,000 anaweza kupoteza robo lita ya damu kila siku. Ndiyo maana kondoo ambaye hakuharisha hata mara moja, na wala hajakonda sana, hupauka kope, huvimba maji chini ya taya, kisha akafa ghafla huku mwenyewe akishangaa ameugua nini.

Sasa tuje kwenye suala la kurithi. Jike mmoja hutaga mayai kati ya 5,000 na 10,000 kwa siku. Tukimchukua kondoo mmoja mwenye minyoo 1,000 ambao nusu yao ni majike, hata kwa hesabu ya chini atadondosha malishoni mayai milioni 2.5 kila siku. Katika wingi wa namna hiyo, makosa madogo ya kunakili vinasaba hayakosekani, na badiliko lolote lenye kumfaa mnyoo huenda tayari lipo mahali fulani kwenye majani kabla mfugaji hajafungua chupa. Dawa haitengenezi usugu. Kazi yake ni kuchagua. Inawaondoa wale inaoweza kuwaua na kuwaachia uwanja wale isioweza kuwaua, ambao watazaana wao kwa wao kwa muda wa wiki kadhaa bila mshindani.

Mfano unaoeleweka zaidi ni wa kundi la benzimidazoli, ambamo mna albendazoli, fenbendazoli na oksifendazoli. Dawa hizi hujishikiza kwenye protini iitwayo beta-tubulini, ambayo mnyoo huitumia kujenga vijirija vya ndani ya seli zake. Vijirija visipojengeka, mnyoo hashiriki tena katika kula wala kutaga, na hufa. Katika jeni ya protini hiyo, herufi moja tu ya DNA ikibadilika kutoka T kuwa A, asidi amino ya nafasi ya 200 huwa tirosini badala ya fenilalanini, na dawa hukosa pa kushika. Mabadiliko mengine yenye matokeo kama hayo yamepatikana katika nafasi ya 167 na ya 198 ya jeni hiyohiyo. Watafiti wameyakuta yakiwa yamezuka mara nyingi katika koo tofauti za minyoo, wala si mara moja kisha yakasambaa kutoka mahali pamoja.

Jambo linalotuponza ni kwamba usugu huu kwa sehemu kubwa ni tabia fiche. Mnyoo hupokea nakala moja ya jeni kutoka kwa dume na nyingine kutoka kwa jike, na mwenye nakala moja tu sugu kwa kawaida hufa akipata dozi kamili. Basi fanya hesabu. Ikiwa nakala sugu ni 1 katika kila 100, minyoo wenye nakala mbili watakuwa 1 katika 10,000, na mfugaji ataisifu dawa yake. Zikifika 10 katika 100, watakaosalimika ni 1 katika 100, na bado ataisifu. Zikifika nusu, robo ya minyoo wote watasalimika, na hapo ndipo atakapoanza kuhisi kwamba kuna kitu hakiendi sawa. Kwa maneno mengine, siku unayoanza kuilalamikia dawa, jeni ya usugu imekwisha kutawala malisho yako kwa muda mrefu. Na usitegemee kwamba ukiipumzisha dawa kwa miaka michache minyoo watasahau. Penye usugu uliokomaa, kurudi nyuma ni nadra sana kuonekana.

Historia nayo inatisha. Thiabendazoli, ya kundi hilohilo la benzimidazoli, ilianza kuuzwa mwaka 1961, na kufikia 1964 tayari usugu ulikuwa umeripotiwa Marekani. Ivamektini iliingia sokoni mwaka 1981, na kabla ya muongo huo kwisha minyoo sugu wa kondoo walikuwa wameonekana Afrika Kusini. Monepanteli, iliyopokewa kwa shangwe kama kundi jipya kabisa, ilianza kuuzwa New Zealand mwaka 2009. Mwaka 2013 taarifa ya kushindwa kwake ilitoka nchini humohumo. Kwetu, usugu wa Haemonchus kwa benzimidazoli katika kondoo wa Tanzania uliandikwa mwaka 1991, na mwaka 1995 wakatoka watafiti waliokuta usugu kwa zaidi ya kundi moja la dawa katika kondoo na mbuzi wa pwani ya Kenya.

Karibuni tujadiliane.

Duka la Pembejeo

Mleta mada, ahsante kwa uzi wenye maana. Mimi ni muuzaji wa dawa za mifugo. Mteja akirudi na malalamiko, huwa namshauri abadilishe dawa, na wengi hubadilisha kila msimu. Je, huoni kwamba kubadilisha huko kunatosha kuwazuia minyoo wasizoee dawa moja?

Malisho Mapana

Mkuu, naomba kwanza tutazame mteja anabadilisha nini hasa. Ukisoma lebo za chupa zilizopangwa kwenye rafu moja, utakuta majina matano ya biashara, rangi tano na bei tano, lakini ndani kiini ni albendazoli au ndugu yake fenbendazoli. Kwa mnyoo aliyebadilika katika nafasi ya 200 ya beta-tubulini, hizo zote ni dawa moja, hata kama moja imetoka Ulaya na nyingine imetengenezwa hapa. Makundi ambayo mfugaji wa kawaida huku kwetu anayapata kwa urahisi ni matatu tu, yaani benzimidazoli, levamisoli, na kundi la ivamektini. Mwenye duka anayemwonyesha mteja jina la kiini badala ya jina la chupa amefanya kazi kubwa kuliko semina nyingi.

Ama kubadilisha kikweli, kutoka kundi hadi kundi, kunapunguza kasi lakini hakuzuii. Ukiwachagua minyoo kwa benzimidazoli mwaka huu na kwa levamisoli mwaka ujao, na zizi zima likanyweshwa kila mara, mwishowe unaweza kupata minyoo wenye usugu wa vyote viwili, na ule wa kwanza hautaondoka.

Kuhusu dozi, naongeza jambo moja. Kwa albendazoli ya asilimia 2.5, kipimo cha kondoo ni mililita 1 kwa kila kilo 5 za uzito, lakini wengi humtazama kondoo wa kilo 40 wakamwona wa kilo 25. Kipimo hicho pungufu ndicho kinachomwokoa mnyoo mwenye nakala moja ya usugu, ambaye dozi kamili ingemuua. Mbuzi wana tatizo la ziada, kwa kuwa miili yao huivunja dawa haraka kuliko kondoo. Anayewapa mbuzi kipimo cha kondoo kisha akawachunga pamoja, anawazalisha minyoo sugu ndani ya mbuzi na kuwapelekea kondoo. Muulizeni daktari wa mifugo kipimo cha mbuzi, msikisie. Na kondoo wenye mimba changa wasipewe albendazoli, kwani huweza kudhuru kitoto tumboni.

Mfugaji wa Longido

Ndugu mleta mada, nimesoma kwa makini, lakini nina pingamizi. Nina kondoo wapatao mia tatu na ninahama nao. Tunachofanya kwa kawaida ni kuwanywesha wote wakati wa kiangazi, kwa sababu ndipo wanapodhoofika na ndipo tunapokuwa na nafasi ya kuwakusanya. Ukiniambia niache baadhi yao bila dawa, naona unaniambia nichague wa kufa. Sisi hatuna mashamba ya majaribio. Kondoo ndiyo ada ya shule.

Malisho Mapana

Mzee wangu, pingamizi lako ni la haki, na naomba nilijibu kwa urefu kwa sababu hapo ndipo kiini cha uzi kilipo.

Minyoo hawagawanyiki sawasawa zizini. Katika makundi mengi yaliyopimwa, kondoo wachache, tuseme kati ya wawili na watatu katika kila kumi, ndio wanaobeba sehemu kubwa ya minyoo na kudondosha sehemu kubwa ya mayai. Waliobaki wana minyoo wachache ambao miili yao inawamudu. Hao wachache wanaoumia ndio wa kupewa dawa, na kwa dozi kamili. Ukiwanywesha na wale wazima, faida unayoipata ni ndogo, lakini unakuwa umewaondoa minyoo wasio sugu waliokuwa wamejificha ndani yao, na hao ndio hazina yako. Wakibaki, mayai yao huchanganyika malishoni na mayai ya wale sugu waliosalimika kwenye dawa, kondoo anapokula majani anameza wa aina zote mbili, wakubwa wakikutana tumboni huzaa watoto wenye nakala moja tu ya usugu, na watoto hao dawa itawaua mzunguko unaofuata. Hesabu ya tabia fiche inayotuumiza tukinywesha wote, hapa inatufanyia kazi.

Sasa kuhusu kiangazi. Mayai na lava (mnyoo mchanga aliyetoka kwenye yai) wa mnyoo huyu wanahitaji joto pamoja na unyevu. Mvua ikiwapo, yai linaweza kufikia hatua ya lava wa kuambukiza kwa muda wa wiki moja hivi, lakini kwenye jua kali na ardhi kavu wengi hufa. Maana yake ni kwamba ikifika katikati ya kiangazi, minyoo karibu wote waliobaki hai wako ndani ya kondoo. Ukiwanywesha wote wakati huo, wanaosalimika ni wale sugu peke yao, na mvua zikianza, malisho yote yatapandwa mbegu ya hao. Hakuna wakati ambapo kunywesha zizi zima huharakisha usugu kuliko huo. Ushauri wa zamani wa kunywesha wote kisha kuwahamishia malisho mapya, ambao ulifundishwa kwa miaka mingi na kwa nia njema, una kasoro hiyohiyo: malisho mapya yanapokea mayai ya minyoo sugu tu.

Namna ya kuwatambua wanaohitaji dawa ipo, na ilibuniwa na wenzetu wa Afrika Kusini baada ya baadhi ya mashamba yao kuishiwa dawa zinazofanya kazi. Inaitwa FAMACHA, jina lililotokana na daktari wa mifugo Faffa Malan. Ni kadi yenye rangi tano, kuanzia nyekundu ya damu nzuri hadi nyeupe ya upungufu mkubwa, ambayo unailinganisha na utando wa ndani wa kope ya chini ya kondoo. Namba 1 na 2 wanaachwa, namba 4 na 5 wanapewa dawa, na namba 3 unaamua kwa kutazama hali yake na msimu. Mtu aliyefundishwa vizuri hupitisha kondoo wengi kwa saa moja, na bila shaka wewe unayewajua mmoja mmoja utakuwa mwepesi zaidi. Wakati wa mvua inapasa kuwapitia kila baada ya wiki mbili hivi. Kiangazi unaweza kuongeza muda.

Tahadhari yake ni hii: kadi inapima damu, haiwapimi minyoo. Mahali penye mbung'o, kondoo aliyepauka anaweza kuwa na nagana, na penye mabwawa anaweza kuwa na minyoo bapa wa ini. Wana-kondoo na majike wanaokaribia kuzaa au wanaonyonyesha washughulikiwe kwa ukali zaidi, kwa sababu kinga yao ni ndogo na majike wa wakati huo hudondosha mayai mengi mno.

Binti Kajiado

Nashukuru kwa maelezo hayo. Kwetu wengi wamewaacha kondoo wekundu wa Kimaasai na kufuga Dorper kwa sababu ya ukubwa na bei ya sokoni. Baba yangu husisitiza kwamba kondoo wekundu hawakuwa wakinyweshwa dawa mara kwa mara kama hawa. Je, ni kumbukumbu tu za wazee, au kuna ukweli wa kisayansi?

Malisho Mapana

Dada, baba yako yuko sahihi. Kati ya mwaka 1991 na 1996 watafiti wa mifugo waliwafuga Dorper na kondoo wekundu wa Kimaasai pamoja huko Diani, pwani ya Kenya, mahali penye joto na unyevu ambapo Haemonchus hustawi mwaka mzima. Wana-kondoo wekundu walikuwa na mayai machache kwenye kinyesi, damu nzito zaidi, na vifo vichache kuliko Dorper. Walipolinganishwa katika nyanda kavu zaidi, pengo hilo lilikuwa dogo, kwa sababu minyoo nao ni wachache huko. Kwa hiyo Dorper si kosa kila mahali. Ni kosa kumpeleka kwenye bonde lenye majani mabichi mwaka mzima ukitarajia dawa ndiyo imlinde.

Uzuri wa kinga ya kondoo, kwa mtazamo wangu, ni kwamba nayo hurithiwa, na haimwandami mnyoo kupitia protini moja inayoweza kubadilishwa kwa herufi moja. Mfugaji anayechagua dume kutoka kwa majike ambao hawajahitaji dawa msimu mzima anafanya kazi ya vinasaba bila maabara. Kadi ya kope nayo inasaidia hapo: kondoo ambaye kila ukaguzi ni namba 4 asibakizwe kwa ajili ya kuzalisha, hata akiwa mkubwa na mzuri wa umbo. Inasikitisha kwamba damu ya Dorper imeingizwa kiholela hadi kondoo mwekundu asiyechanganywa amekuwa wa kutafutwa.

Msomi wa Morogoro

Naomba kuongezea kidogo upande wa vinasaba, maana mleta mada amechukua mfano ulio rahisi kuliko yote. Kwa levamisoli na ivamektini picha haijanyooka hivyo. Levamisoli humpooza mnyoo kwa kupitia vipokezi vya neva, na usugu wake umehusishwa na mabadiliko katika jeni kadhaa za vipokezi hivyo, mojawapo ikiwa ile iitwayo acr-8. Ivamektini hufungua milango ya kloridi kwenye seli za mnyoo, inayoendeshwa na glutamati, na kwa miaka mingi ilidhaniwa usugu ungepatikana kwenye jeni za milango hiyo. Baada ya jenomu ya Haemonchus, yaani ramani ya vinasaba vyake vyote, kuchapishwa mwaka 2013 na kukamilishwa kwa kiwango cha kromosomu mwaka 2020, ilibainika kwamba alama kubwa ya usugu wa ivamektini iko kwenye eneo moja la kromosomu ya 5, mbali na jeni nyingi zilizokuwa zikishukiwa. Kwa hiyo kipimo cha maabara cha kusoma herufi ya DNA kinaaminika zaidi kwa benzimidazoli kuliko kwa dawa nyingine.

Vilevile ningependa kusikia maoni yako kuhusu kutumia makundi mawili kwa pamoja. Kwa hesabu, ikiwa mnyoo sugu kwa dawa moja ni 1 katika 1,000, na kwa nyingine ni 1 katika 1,000, mwenye usugu wote wawili ni 1 katika milioni.

Malisho Mapana

Msomi, nakushukuru kwa nyongeza hiyo. Hesabu yako ni sahihi pale ambapo usugu wa kila dawa bado ni mchache, na Australia na New Zealand dawa za mchanganyiko zinatumika kwa msingi huo. Wasiwasi wangu ni kwamba wengi wetu tunafikiria mchanganyiko baada ya dawa zote mbili kulegea, na hapo unachofanya ni kuwachagua walio sugu kwa zote mbili kwa haraka zaidi. Na ikiwa mtu atatumia mbili, kila moja itolewe kwa dozi yake kamili na kwa bomba lake. Kumimina chupa mbili kwenye jagi moja ni kuharibu dawa. Mchanganyiko bila kuacha kondoo wasionyweshwa haufai.

Kwa kuwa umetaja sayansi mpya, nitaje pia chanjo. Australia ilianza kuuza chanjo dhidi ya Haemonchus mwaka 2014, na hutengenezwa kwa protini za utumbo wa minyoo wenyewe wanaovunwa kutoka kwa kondoo. Huhitaji sindano za kurudia takriban kila wiki sita katika msimu wa minyoo, jambo ambalo kwa mfugaji anayehama bado ni gumu.

Kisima Kirefu

Mimi swali langu ni fupi. Nina kondoo arobaini na nimekuwa nikitumia albendazoli tu. Nitajuaje kama bado inafanya kazi kwangu, na kondoo nitakaowanunua mnadani niwafanyeje?

Malisho Mapana

Mkuu, chagua kondoo kumi hadi kumi na watano ambao hawajanyweshwa dawa karibuni, hasa wale wadogo. Chukua kinyesi moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja kubwa ya kila mmoja, si kile kilichoanguka chini, uandike namba ya kondoo kwenye kila mfuko, na uvipeleke maabara ya mifugo vikiwa vimehifadhiwa kwenye ubaridi. Wapime uzito, wape albendazoli kwa dozi kamili, na baada ya siku 14 chukua kinyesi cha kondoo walewale. Maabara itahesabu mayai kwa gramu kabla na baada. Wastani ukishuka kwa chini ya asilimia 95, una sababu ya kushuku usugu. Ukitoka 1,200 ukabaki 300, punguzo ni asilimia 75 na dawa hiyo isiwe tegemeo lako. Hata matokeo mazuri yasikulevye, kwa sababu kipimo hiki hakioni usugu mpaka uwe umekwisha kuenea, kwa hesabu ile niliyoieleza mwanzoni. Kirudie kila baada ya mwaka au miwili.

Kondoo wa mnadani ndiye mlango mkuu wa kuingiza jeni usizokuwa nazo. Mtenge siku ya kwanza, mnyweshe dawa za makundi mawili au zaidi kwa dozi kamili, na umweke bandani kwa siku 14 akiletewa majani, kisha kinyesi chake kipimwe. Kinyesi cha bandani usikimwage malishoni. Akiwa hana mayai, mwachie kwenye malisho ambayo kondoo wako wamekwisha kuyatumia, usimpeleke kwenye majani mapya, ili wachache waliosalimika ndani yake wamezwe na wingi wa minyoo wako ambao dawa bado inawaweza.